Aliyeketi Nje ya Mpaka

Maiti ilikuwa imekaa kitini.

Kiti chenyewe kilikuwa cha jikoni, cha mbao, kimepakwa rangi ya kijani, na kilikuwa kimewekwa juu ya barafu ya Ziwa Halvor, mbali na ufuko, mahali ambapo hapakuwa na kibanda cha mvuvi wala alama ya gurudumu. Mtu aliyekikalia alikuwa ameweka mikono magotini kama mgonjwa anayesubiri kuitwa kwa daktari. Kope zake zilikuwa nyeupe kwa barafu. Macho yalikuwa nusu wazi, yakiitazama nyumba moja ya manjano kule ufukoni, iliyokuwa ikifuka moshi taratibu.

Inspekta Ruben Aho aliizunguka maiti ile. Alikuwa polisi kaskazini mwa jimbo la Minnesota, Marekani, tangu ujana wake, na walioganda alikwisha kuwaona wengi: walevi, wawindaji, wazee waliopotea njia. Wote huwa wamejikunja, magoti kifuani, kama watoto tumboni. Huyu alikaa wima kama mgeni aliyeambiwa asubiri kahawa.

Chini ya miguu yao barafu ikalia. Ulikuwa mlio mrefu, mwembamba, uliopita chini yao ukaenda kufia ng'ambo ya ziwa. Ziwa hulia hivyo baridi inapokaza, kila mtu wa pale anajua. Hata hivyo konstebo aliyekuwa na kamera alitazama chini, akasogea.

Daktari wa uchunguzi wa maiti alipandisha suruali ya marehemu. Kifundoni palikuwa na bangili nyeusi ya kielektroniki, ya kumfuatilia mfungwa aliyeachiwa, na taa yake ndogo ilikuwa bado inamemeta.

"Bado inatuma habari," daktari alisema.

"Basi kuna mtu ofisini anaamini huyu yu hai," Aho akajibu.

Karibu na mguu wa kiti palikuwa na chupa ya wiski, imebaki nusu. Na pembeni, kwenye theluji ngumu, Aho aliona vishimo vinne vidogo vilivyopangika mraba. Aliinama akavigusa kwa kidole cha glavu. Kiti cha pili kilikuwa hapa. Mtu alikuwa amekaa na marehemu, wakatazamana, kisha akainuka akaondoka na kiti chake.

Jina la marehemu halikuhitaji kutafutwa. Alikuwa Lyle Gustad, na wilaya nzima ilimjua. Miaka mingi nyuma, usiku wa ukungu, gari lake lilimgonga msichana aliyeitwa Linnea Kolstad papa hapa ziwani, kwenye njia ambayo watu huipita na magari barafu ikishakuwa nene. Polisi walimkuta Lyle amelala juu ya usukani, mlevi, damu ya Linnea ikiwa imeganda kwenye bampa. Alikiri. Alisema mwili aliutumbukiza katika tundu mojawapo ambayo wavuvi huyatoboa kwenye barafu, lakini hakumbuki lipi. Wazamiaji walitafuta mpaka wakachoka, na majira ya joto yalipokuja wakatafuta tena. Linnea hakuonekana. Lyle alihukumiwa kwa kuua bila kukusudia, akatumikia sehemu kubwa ya kifungo, na kiangazi kilichopita alitolewa kwa masharti, amalizie nje chini ya uangalizi.

Na nyumba ile ya manjano ilikuwa ya Ardis Kolstad, mama yake Linnea.

*

Ndiye aliyepiga simu polisi. Aho alimkuta jikoni, bibi mrefu aliyekonda, amevaa sweta ya mwanamume, ameshaandaa vikombe. Mwanawe, Wendell, alikuwa nje anapasua kuni. Mlio wa shoka ulisikika kwa mpigo mmoja usiobadilika.

"Ulimwona saa ngapi, Bi Kolstad?"

"Leo au jana?"

Aho aliacha kalamu. "Jana alikuwepo?"

"Jana asubuhi nilipofungua pazia nilimkuta amekaa. Nikadhani mvuvi. Macho yangu hayafiki mbali siku hizi." Alimimina kahawa. "Nilimpungia mkono. Alikuwa anatazama huku, nikaona si adabu kunyamaza. Nikampungia tena mchana. Leo nilipomwona hajasogea, ndipo nikaita."

"Ulijua ni nani?"

"Mpaka mliponiambia, sikujua."

Mlango ukafunguliwa na mwanamke akaingia bila kubisha, akavua buti, akaenda moja kwa moja kumshika bibi bega. Alikuwa Yvette Bellanger, mtetezi wa waathirika katika ofisi ya uangalizi. Aho alimfahamu vizuri. Maafisa wengine wa ofisi ile kazi yao ilikuwa kuwafuatilia waliotoka gerezani. Kazi ya Yvette ilikuwa watu walioumizwa nao: kuwapigia simu mfungwa anapotoka, kuwaeleza anaruhusiwa kukanyaga wapi na wapi haruhusiwi, kukaa nao mahakamani, kupokea simu zao wanaposhindwa kulala. Aho alimpenda kwa uhodari wake na alimchoka kwa ubishi wake.

"Ameshakuambia alichokiona?" Yvette aliuliza.

"Ameniambia."

"Basi mwache anywe kahawa yake, Inspekta. Njoo tuongee nje."

Huko kibarazani alimweleza jambo lililomkaa Aho akilini siku nzima. Lyle alikuwa amewekewa mpaka. Kama angekaribia nyumba ya Ardis, bangili ingepiga kelele na Yvette angepata simu hapohapo. Mstari wa mpaka ule ulipita ziwani. Na kiti cha kijani kilikuwa kimewekwa nje ya mstari, karibu mno na mstari wenyewe, kama vile mtu ameupima kwa hatua.

"Nani anaujua mstari huo?"

"Mimi. Afisa wake. Lyle mwenyewe." Alisita. "Na familia. Niliwachorea kwenye ramani ili wajue wapi pana usalama."

Shoka lilinyamaza. Wendell Kolstad alikuwa amesimama kando ya rundo la kuni, anawatazama. Alikuwa mtu mzima, mpana, ndevu zimeanza mvi, uso mpole. Aliwainulia kichwa kidogo, akaokota gogo jingine.

*

Majibu ya maabara yalifika kesho yake. Daktari aliyasoma kwa simu kwa sauti ya mtu asiyeshangazwa na lolote. Hapakuwa na pombe katika damu ya Lyle, hata tone. Kulikuwa na dawa ya usingizi, nyingi, iliyonywewa na kahawa. Hakupigwa, hakukabwa. Alisinzia, baridi ikamaliza kazi.

Kwa hiyo wiski ile ilikuwa danganya toto. Aliyeiacha alitaka polisi waseme: mlevi wa zamani kaanza tena, kalala nje, kafa. Ila hakujua kwamba Lyle alikuwa akipuliza kipimo cha pombe kila siku, na tangu atoke hakuwahi kukutwa na kitu.

Aho aliuliza kwenye duka la dawa la mjini. Dawa ile ilikuwa inachukuliwa na watu wachache. Mmoja wao alikuwa Ardis Kolstad, tangu mwaka aliopotea binti yake.

Alimwita Yvette ofisini kwake, akafunga mlango.

"Dawa ni zake," alimwambia. "Mpaka anaujua. Sababu anayo, na nani atamlaumu? Kisha anakaa dirishani siku nzima kumtazama akiganda, anampungia mkono. Nina kesi, Yvette."

"Huna kesi. Una bibi ambaye hawezi kushuka ngazi zake bila kushika ukuta. Atambebea Lyle kiti mpaka katikati ya ziwa?"

"Alisaidiwa, pengine."

"Hakuwa na haja ya kumuua."

"Unajuaje?"

Yvette akanyamaza. Aho alimjua, ukimya ule ulikuwa wa mtu anayetunza siri ya mwingine. Alimngoja. Nje, magari ya kusukuma theluji yalikuwa yanapita, na kioo cha dirisha kikawa kinatetema.

Hatimaye alisema, polepole. Kwa miezi alikuwa anaandaa mkutano. Ardis ndiye aliyeuomba. Waathirika wengine humwomba aliyewakosea awaeleze kwa nini. Wengine wanataka wamfokee. Ardis alikuwa na ombi moja: aambiwe mtoto wake yuko wapi. Yvette alilipeleka ombi hilo kwa Lyle, na Lyle alilia mpaka ikabidi waahirishe. Mara ya pili alilia. Mara ya tatu alisema sawa, nitamwambia. Wangekutana juma hili, katika ukumbi wa kanisa.

"Alisema hakumbuki," Aho alisema.

"Alikuwa anakumbuka. Aliniambia tu kwamba akishataja mahali, mengine yote yatajulikana, na kwamba hilo ndilo lililomfunga mdomo."

Aho aliinama mbele. "Nani mwingine alijua atasema?"

"Ardis."

"Na nani?"

Uso wa Yvette ulibadilika wakati anajibu, kama mtu aliyekanyaga barafu akaisikia inaachia.

"Wendell naye ni mwathirika kisheria, yeye ni ndugu. Ana haki ya kuarifiwa. Nilimpigia simu mwenyewe." Alijishika shingo. "Ruben, nimewapigia watu wengi simu za namna hii. Mtu hulia, au huuliza lini, au hukata simu. Wendell aliniuliza kama Mama anaweza kuukataa mkutano. Nikamwambia anaweza, lakini hataki. Akaniuliza tena swali lilelile. Nikadhani anamhurumia."

*

Walirudi kwa Ardis pamoja. Wendell alikuwa ameenda mjini kununua mafuta ya jenereta. Aho aliweka mezani picha moja tu, ya kiti kitupu, na akamwomba bibi aitazame kwa miwani.

Ardis aliishika karibu na dirisha. Akaiinamisha kwenye mwanga.

"Hiki changu," alisema. "Viko vinne. Linnea alivipaka rangi majira ya joto yake ya mwisho, akamwaga rangi kwenye nyasi, nikamgombeza." Alipitisha kidole kwenye picha. "Viko katika banda la mashua."

"Uliviona lini mara ya mwisho?"

"Mimi siingii humo. Ufunguo anao Wendell. Anasema sakafu imeoza, nitavunjika mguu."

"Tangu lini imeoza?"

Alifikiri. "Tangu zamani. Tangu Linnea."

Yvette alikuwa ameketi kando yake. Ardis aliendelea kwa sauti ileile ya kawaida, kama anayesimulia habari za jirani. Alisema wakati wa baridi banda lile hugonga. Mbao zinajibana, anajua, marehemu mumewe alimweleza. Lakini huwa anamsikia Wendell humo pia.

"Anafanya nini?"

"Anaongea."

"Na nani, Bi Kolstad?"

"Na dada yake," bibi alisema. "Anamweleza habari za siku: nani kaoa, samaki wamekuwaje. Nami huwa nasimama pale mlangoni pa nyuma nisikilize. Nilidhani ni majonzi, kila mtu ana yake. Kuna jioni moja alinyamaza kidogo, kisha akacheka, kama mtu aliyejibiwa. Nikarudi ndani, nikafunga mlango."

Kule ziwani barafu ililia tena, na safari hii mlio ulikuja mpaka chini ya nyumba.

*

Kibali cha upekuzi kilisainiwa mchana. Aho alifika bandani na makonstebo wawili, akiwa amejiandaa kuvunja kufuli. Kufuli halikuwepo. Mlango ulikuwa umerudishwa tu, na ndani mlikuwa na joto.

Alitegemea uvundo, mashua mbovu, utando wa buibui. Alikuta chumba kilichofagiwa. Jiko dogo la kuni lilikuwa linawaka. Dirishani palikuwa na pazia la maua. Viti vitatu vya kijani vilipangwa nusu duara, na viliitazama sakafu tupu katikati, ambako zulia la kusokotwa kwa mkono lilikuwa limetandazwa bila kunjo hata moja.

Wendell Kolstad alikuwa ameketi kwenye kimoja. Alikuwa na soksi tu miguuni.

"Vua viatu, Inspekta," alisema kwa upole. "Ninaomba."

Aho, ambaye alikuwa ameingia katika nyumba za wauaji zaidi ya moja, baadaye alikiri kwa Yvette kwamba mkono wake ulishuka wenyewe kwenye kamba za buti. Alijizuia. Alibaki pale mlangoni.

"Wendell, una haki ya kunyamaza. Una haki ya kuwa na wakili. Utakalosema laweza kutumika dhidi yako mahakamani. Umeelewa?"

"Nimeelewa. Sitaki wakili. Ila usikanyage hapo."

"Ni Linnea?"

"Ndiyo."

Konstebo mmoja akavuta pumzi kwa sauti. Aho alikaa polepole kwenye kiti kilichokuwa karibu na mlango.

"Nani alikuwa anaendesha gari usiku ule?"

"Mimi." Wendell alijibu haraka, kama mzigo uliokuwa umeshaanza kumponyoka. "Gari la Lyle, lakini yeye alikuwa amelewa kuliko mimi. Ukungu ulikuwa mzito. Mama alimtuma Linnea aje kuniita, chakula kinapoa. Alikuwa na tochi. Niliiona taa, nikadhani kibanda cha mtu, kiko mbali."

"Alikufa palepale?"

"Alinitaja jina. Mara moja tu."

"Endelea."

"Lyle alilevuka kwa ghafla. Alinishika kola akaniambia niende nyumbani. Alisema mama yako akiamka kesho atakuwa amempoteza mtoto mmoja, na wewe ukifungwa atakuwa hana hata mmoja. Lyle alikulia mezani kwetu, Inspekta. Kwao hapakupikwa. Mama alimlisha tangu akiwa mdogo hivi. Alisema, mimi sina anayeningoja."

"Na mwili?"

"Sikuweza kumtia majini. Kwenye lile giza, chini kule. Tulimweka kwenye sileji ya kuburuta juu ya theluji tukamleta nyumbani. Ardhi ya humu ndani ilikuwa haijaganda. Lyle alinisaidia kuinua mbao, kisha akarudi kwenye gari, akanywa chupa nzima, akawasubiri nyinyi."

Kuni zililia katika jiko dogo.

"Mtu aliyekuokoa hivyo, ukamuua."

Wendell alitazama zulia. "Alinitafuta mjini akaniambia kabla. Hakutaka nishtukizwe. Alisema atataja mahali tu, jina langu hatalisema. Nikamwambia, Lyle, kutaja hapa ni kunitaja mimi. Akasema anajua, lakini mama amemwomba, na kwa miaka yote ile mama hakuwahi kumwomba kitu. Akanishauri nitangulie kumwambia mwenyewe. Nikamwambia tuonane ziwani alfajiri, tuongee zaidi. Nikabeba viti viwili na chupa ya chai yenye kahawa."

"Na vidonge vya mama yako."

"Ndiyo."

"Uliogopa jela."

"Hapana." Kwa mara ya kwanza aliinua macho. "Jela ningeenda hata leo. Kila asubuhi mama huniwekea kikombe, ananishika kichwa hapa nyuma, anasema, angalau ninaye wewe. Kila asubuhi tangu Linnea. Siku angejua, asingenishika tena. Hicho tu. Niliona bora Lyle anyamaze kuliko mkono ule uondoke."

"Kwa nini ulimweka atazame nyumba?"

"Sikumweka. Alikigeuza kiti mwenyewe. Alishaanza kusinzia, ulimi mzito. Alisema anauona moshi wa jikoni, na kama upepo ungegeuka angesikia harufu ya mkate. Aliniuliza kama mstari ni hapa hapa, asije akamsumbua Yvette kwa bangili. Nikamwambia tuko nje. Akasema vizuri." Sauti yake ikakatika. "Nikakaa naye mpaka akalala. Kisha nikachukua kiti changu."

Aho alisimama akamfunga pingu kwa mbele, si kwa nyuma, na akamsubiri avae buti zake.

*

Mbao zilipoinuliwa walimkuta Linnea amefunikwa blanketi la sufu, tochi yake mkononi. Daktari alifanya kazi yake.

Yvette hakukubali polisi amwambie Ardis. Alisema hiyo ni kazi yake, na safari hii Aho hakubishana. Alisimama mlangoni mwa jikoni, kofia mkononi. Yvette alikaa goti kwa goti na bibi, akamweleza kwa mpangilio, bila kupamba, bila kuruka: Linnea alikuwa wapi, nani aliendesha, nani alikaa gerezani, nani alitia vidonge kwenye kahawa na kwa ajili ya nini. Akamweleza na la mwisho, kwamba ni yeye Yvette aliyempigia Wendell simu.

Ardis hakulia. Viganja vyake vililala juu ya meza.

"Lyle ana mtu wa kumzika?" aliuliza.

"Hana."

"Atazikwa na watu wangu basi. Upande wa mume wangu pana nafasi. Barafu ikiyeyuka, ardhi ikilainika." Akatazama nje, ziwani. "Nimemwekea mpaka mtoto yule niliyemlisha. Nilikuambia uuchore mbali, na wewe ukauchora."

"Hatukujua, Bi Ardis."

"Yeye alijua, na akauheshimu."

Yvette alimngojea. Alikuwa amejifunza kuwangojea watu.

"Ulinieleza zamani," Ardis alisema mwishowe, "kwamba nina haki ya kupigiwa simu. Aliyeniulia mtoto akihamishwa gereza, akiugua, akikaribia kutoka."

"Unayo bado."

"Kwa Wendell pia?"

"Kwa Wendell pia. Ukitaka. Na ukitaka asikukaribie akitoka, hilo nalo lipo. Si lazima uamue leo."

Bibi aliinuka, akashika ukuta, akaenda mpaka kwenye ndoano karibu na jiko ambako koti la mwanawe la kazini lilikuwa limetundikwa. Alilishusha. Alilikunja mkono kwa mkono, kama nguo ya mtoto, akamkabidhi Inspekta Aho.

"Huko mlikompeleka kuna baridi," alisema. Kisha akamgeukia Yvette. "Utanipigia simu. Mpaka usichore."